Ulimwambia kwa Kifipa

Flaviana mwanangu,

Yusta haongei tena Kifipa na mimi. Aliacha Jumamosi ile niliyorudi kutoka Kaoze kununua mahindi, saa tisa alasiri, na leo ni siku ya thelathini na nne. Nikimsemesha kwa Kifipa ananijibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kwenye simu, cha wale watoto wanaosema "hapana jamani" hata wakiulizwa kama wanataka maji. Ana miaka minne na miezi mitatu. Lugha ile nilimpa mwenyewe, neno moja moja, akiwa mgongoni kwangu. Imekwenda kwa mchana mmoja, na aliyeiondoa ni wewe.

Nimewaacha nyumbani mkifunga mabegi, nimekuja kukaa huku ghalani na daftari la shule. Nikisema haya nikiwa nyumbani tutapandishiana sauti mbele ya mtoto, na mtoto ameshaona ya kutosha. Mambo ya safari sikuandikii. Sweta zake unajua zilipo, dawa ya kifua unajua inavyopimwa, Mbeya baridi yake ni kama yetu, na Gaspari atawapokea stendi. Umeolewa na mtu mzuri, na nyumba unaiweza. Mimi nina jambo moja tu, na nitalianzia kwenye kosa langu, kwa sababu la kwanza lilikuwa langu.

Unakumbuka mlipohamia kwangu, Gaspari alipotangulia Mbeya kuanza kazi. Ulinipa simu ukaniuliza kama Yusta anaweza kutazama chaneli ya ile familia wakati wewe unafua: baba, mama, watoto watatu, sebule yao nyeupe kama zahanati mpya. Nilivaa miwani nikakaa kwenye benchi nikatazama video kumi na mbili. Baba anaongoza sala kabla ya kula. Watoto wanampa babu yao shikamoo. Mama anamfundisha yule mdogo kupiga mswaki. Hakuna tusi, hakuna damu, hakuna aliyevaa vibaya. Nikakurudishia simu nikasema hii ni safi, mwache mtoto atazame. Ukacheka ukasema mama ameipiga muhuri.

Kumi na mbili, Flaviana. Ile chaneli ilikuwa na video mia nne na sita. Na zile kumi na mbili zilikuwa za juu kabisa, ambazo mwenye chaneli kazipanga mwenyewe ili mgeni azione kwanza.

Wewe umekulia juu ya magunia. Bambo nilikufundisha kulishika ukiwa na miaka tisa, lile chuma lenye mfereji tunalochomea gunia ili kutoa punje za ndani bila kulifungua. Nilikuambia choma juu, choma katikati, choma chini, kisha ubavuni, maana wapo wauzaji wanaoweka mahindi meupe mdomoni mwa gunia na yenye ukungu tumboni. Miaka kumi na tisa ninayonunua nafaka, kwenye shehena ya magunia mia nne sijawahi kuchoma pungufu ya arobaini. Kuna madereva wananiita mama Bambo, nawe unajua hawanisifu. Lakini kwa mjukuu wangu nilichoma kumi na mawili, yote mdomoni, nikaridhika. Kilichonipofusha ni lile neno familia. Nilidhani kitu kikiitwa cha familia, basi kimeshapimwa na mtu mwingine kabla yangu.

Hilo ndilo langu. Sasa tuje kwako.

Yusta hakuwa mjinga. Ndani ya wiki chache alikuwa amegundua kitu ambacho mimi na wewe hatukumfundisha. Kiswahili cha kwenye simu kilikuwa mchezo kwake, na Kifipa cha nyumbani kilikuwa kweli. Yule baba wa sebule nyeupe akijifanya ameumia mguu, Yusta alikuwa ananitazama anasema, "Hiyo ya simu." Hata jirani yetu Mama Zuhura alipomtania dukani kwake kwamba biskuti zimekwisha duniani, alimjibu vilevile, hiyo ya simu, na Mama Zuhura akacheka hadi akaegemea mizani ya sukari. Mimi nikajivuna. Nikasema mtoto huyu ana bambo lake kichwani.

Na mimi nilimlindia ile kweli yake. Kila nikisafiri nilikuwa namhesabia siku kwenye vidole, kwa Kifipa. Safari ile ya Kaoze nilimkunjia vidole vitatu, akaondoka navyo vimekunjwa hadi jikoni kunywa uji. Siku ya tatu nikarudi. Nilikuwa na mfuko wa samaki wakavu wa bondeni. Nikaita langoni kama siku zote. Yusta alitoka, akaniona, akapiga ukelele, akakimbilia nyuma ya pipa la maji. Nilipomfuata akasogea upande wa pili. Wewe ulikuwa umesimama kwenye veranda na simu yako, ukasema mtoto hakulala vizuri, usimjali, mama.

Nikakuamini. Siku kumi na moja nilikuamini. Nilimpima joto, nikampeleka zahanati, nikamchemshia majani, nikamwombea. Usiku alikuwa anakuja kunigusa pua kama inapumua, nami nikajua ni homa. Asubuhi nikitaka kumkunjia vidole anavificha nyuma. Wewe ulikuwa unayaona yote hayo ukiwa umekaa palepale, unapepeta mchele.

Aliyenifungua macho ni Mama Skola anayenishonea magunia. Niliingia ghalani siku ya kumi na mbili akaniamkia mbele ya wanawake wenzake, "Shikamoo, marehemu." Wakacheka. Nikauliza kicheko cha nini. Akaona uso wangu, akaweka sindano chini. "Mama Flavi, ina maana hujaiona? Si uko ndani mwenyewe?" Akanitolea simu.

Video yako ina dakika tisa na sekunde arobaini. Nimeitazama mara saba, kwa hiyo usiniambie sikuielewa. Mwanzo Yusta amekaa kwenye ngazi na vijiwe vyake vya mdako. Unamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kulia, Yusta, Bibi amepata ajali, Bibi amekufa. Yeye hata hainui kichwa. Anarusha kijiwe, anasema, "Hiyo ya simu." Picha inakatika. Inaporudi umechuchumaa karibu yake, kivuli kimesogea kiasi cha robo saa, maana yake ulikwenda ukafikiri ndipo ukarudi. Na sasa unamwambia taratibu, bila kulia, kwa Kifipa.

Chini yake ukawaandikia watazamaji tafsiri.

Vijiwe vilimdondoka. Kuanzia hapo hadi ulipomgusa ni dakika mbili na sekunde hamsini, na ulimgusa kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa na simu. Kisha naonekana mimi langoni na samaki wangu, natabasamu, naita. Nyuma ya picha kuna mtu anacheka. Nilikijua kile kicheko kabla sijajua ni cha nani, maana nimekilea.

Flaviana, kufa nitakufa, hilo haliniudhi. Ungemwambia mara mia kwa Kiswahili, ningekuita mpuuzi tukala chakula cha jioni. Kilichonichoma ni kwamba ya Kiswahili haikushika, ukasimama, ukafikiri, ukajua ufunguo uko wapi. Na ulijua kwa sababu ufunguo ule nilikupa wewe kwanza.

Hili sijawahi kukusimulia lote. Ulikuwa na miaka mitano. Baba yako alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa na debe tatu za ulezi na wewe, basi. Nikapata nafasi ya kushuka bondeni kuwapikia wapakiaji wa mahindi. Nilikupeleka Chala kwa shangazi yako. Nilijua nikikuaga utalia, na nikikusikia unalia sitapanda lile lori. Kwa hiyo nilikuambia kwa Kifipa, kaa hapa na shangazi, nakwenda kununua chumvi, narudi sasa hivi. Ukaitikia. Nilikaa miezi minne na siku sita. Nilianza kwa kupika, nikaishia kununua gunia la kwanza la kwangu mwenyewe, na watu wakikuuliza mama yako alianzaje, huwa unawasimulia gunia lile. Mimi nikiulizwa nakumbuka chumvi.

Niliporudi nilikuwa na gauni, viatu vyenye vifungo na pipi za rangi. Ulisimama mlangoni kwa shangazi yako, hukunikimbilia, ukauliza, "Chumvi iko wapi?" Sikuwa nayo. Shangazi yako akaniambia pembeni kwamba kila jioni ulikuwa unafungua kopo la chumvi na kuliacha wazi karibu na mafiga, ili nikifika nimimine. Kila jioni, miezi minne. Alikuwa ameacha kukugombeza.

Siku ile nilikuahidi. Nilikuambia mimi ni mfanyabiashara, kwa Kiswahili nitasema mengi sokoni, nitasema mzigo umekwisha na haujakwisha, nitasema lori liko njiani na halijawashwa. Lakini kwa Kifipa sitakudanganya tena mpaka nizikwe. Ulikuwa mdogo ila ulielewa, maana tangu hapo kila nilipokuaga ulikuwa unauliza, "Kifipa?" Nami najibu, Kifipa. Uliendelea kuniuliza hivyo hadi darasa la saba. Nilipokuficha ugonjwa wangu wa tumbo, ulitumia neno hilohilo moja nikakuambia yote.

Basi ndiyo maana nilipokujia siku ile kutoka ghalani sikupiga kelele. Nilidhani nikikaa tu mbele yako utaanza kulia. Uliniambia watu elfu arobaini wameipenda. Uliniambia wale wa sebule nyeupe wanafanya makubwa kuliko hayo na watoto wao wamenenepa. Ukaniambia, "Mama, watoto wanasahau."

Nikakuuliza, "Wewe chumvi umeisahau?"

Uliinuka ukaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nilihesabu hilo kuwa ni jibu, nikangoja uje na la pili. Siku ya ishirini na mbili leo tangu nikuulize.

Katika kungoja sikukaa bure. Nimechoma ile chaneli kama nilivyopaswa kuichoma tangu mwanzo. Video sitini, kumi za zamani kabisa, kumi za juzi, na arobaini za katikati, moja kila baada ya tisa, nikitazama mchana wakati mizigo haijafika. Daftari ninaloandikia barua hii ndilo nililowekea alama, ukiligeuza nyuma utaziona. Kwenye sitini, mtoto analia kwenye ishirini na tatu. Katika hizo ishirini na tatu, mara kumi na tisa kamera inasogea karibu na uso wake. Mara nne tu mtu ameiweka chini akamnyanyua. Yule mtoto wa kati, mwenye pengo, anasema "sitaki" mara kumi na nne. Amesikilizwa mara moja, na hiyo moja ni kwa sababu betri ilikuwa inakwisha, baba yake anasema mwenyewe. Maboksi ya zawadi yamefunguliwa thelathini na moja. Sala ya chakula ipo mara tano, na nne kati ya hizo ni zile nilizoziona mimi siku ya kwanza.

Na ule mzaha wa kifo nimeukuta tumboni. Baba anamwambia yule mdogo kuwa babu amefariki, maneno yaleyale uliyoyatumia wewe, hadi ile ajali. Umechota kwenye gunia nililolipitisha mimi. Kwa hiyo ninapokulaumu najilaumu na mimi, lakini si sawa kwa sawa. Mimi nilizembea. Wewe ulichagua.

Nikaacha simu, nikaanza kumtazama Yusta mwenyewe. Siku akitazama ile chaneli, nusu saa baadaye ananunua vitu vya hewani na kufungua maboksi ambayo hayapo, hilo si baya, watoto hucheza. Lakini Jumanne iliyopita alijikwaa kwenye ngazi akaanguka na goti likachubuka. Hakulia. Aliinuka, akageuka kushoto, akageuka kulia, akaona simu yako iko mezani na wewe uko mbali, akakaa akajipulizia goti. Ulipotoka na simu mkononi ndipo akaanza kulia. Mtoto wa miaka minne anangoja simu ndipo aumie.

Sasa najua pa kuchoma, na nakuambia kwa sababu huko Mbeya utakuwa peke yako na yeye mchana kutwa, na chaneli zitakuwa nyingi. Kusali kwao achana nako, ndiko nilikotazama mimi. Tazama ule mkono ulioshika kamera unafanya nini mtoto anapolia. Tafuta kama kuna siku mtoto alisema sitaki na video ikaishia hapo. Halafu funga simu umtazame wako nusu saa, maana huyo aliye mbele yako ndiye punje ya kupima. Mimi niliiangalia ile familia siku nzima bila kumgeukia aliyekuwa anaitazama.

Tena jambo hili la Yusta anatazama nini na Yusta anatazamwa vipi, wewe unalifanya mawili. Ni moja. Anayemzoesha kuona mwenzake analizwa ndiye anayemzoesha kulizwa.

Juzi aliniuliza swali. Nilikuwa namsuka. Kwa Kiswahili akasema, "Bibi, ulikufa kweli au ulikufa kwa simu?" Nikamjibu kwa Kifipa kwamba sikufa, mama alikosea. Halafu akasema hata mama alisema kwa Kifipa. Nilimalizia tu mstari niliokuwa nausuka.

Hadi mchana wa leo nilikuwa nimeamua kuyameza. Nilisema waende, mtoto akipata mazingira mapya atasahau kidogo, nami nitawafuata baada ya siku arobaini na moja msimu wa mahindi ukipungua. Wakati wa kula ukaniambia, "Mama, kesho stendi vaa kile kitenge cha bluu, kinakupendeza." Nikafurahi. Nimekitoa sandukuni mwenyewe, nikakipiga pasi, nikajiambia mwanangu ananijali, ana haya ya kusema samahani kwa hiyo anaisema kwa kitenge.

Saa kumi akaja Mama Zuhura kuchukua kiroba chake cha unga. Akaniuliza kwa utani wake uleule, "Jirani, na sisi wa nyuma tuvaeje? Nasikia kesho tunaagwa hewani." Nikamuuliza hewani wapi. Akajaribu kuligeuza neno, likamshinda. Akanionyesha tangazo lako. Picha yetu ya Krismasi, Yusta na mimi, na maandishi: kesho stendi, Yusta anamuaga Bibi yake, andaa leso. Hapo chini kengele ya kubonyeza.

Mama Zuhura akasema, "Samahani, dada. Nilidhani mmepanga wote." Akaondoka na unga wake bila kupatana bei, yeye ambaye hajawahi kuacha kupatana.

Kwa hiyo kitenge cha bluu kinaonekana vizuri kwenye picha. Sawa.

Flaviana, mimi kesho nitamlilia mjukuu wangu, hilo halina ujanja. Lakini sitaki kusimama stendi nikijiuliza chozi hili ni la nani. Na Yusta akiniona nalia, halafu ageuke aione simu yako, atajua ni ya simu. Ataondoka Sumbawanga akijua kwamba Bibi alimlilia kwa simu. Vidole vyake vilivyofichwa nyuma sitaviona tena mbele yangu, hata nikimfuata Mbeya kila mwezi.

Nakuuliza moja. Kesho utamrekodi Yusta akiniaga, au hutamrekodi?

Ukisema utamrekodi, sitakupokonya simu, wewe ni mtu mzima. Nitamuaga palepale jikoni, kitenge cha bluu kitabaki kwenye kamba, na stendi mtakwenda na mzigo wenu. Ukisema hutamrekodi, nitambeba mgongoni kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi ya basi, ingawa goti langu unalijua. Kwa vyovyote nitamkunjia vidole arobaini na moja, vyake vyote, vya miguu, na vya kwangu, kimoja nikikirudia, kwa Kifipa, hata kama hatanijibu.

Basi linaondoka saa kumi na mbili. Mimi nitakuwa nimewasha moto saa kumi alfajiri. Nataka jibu lako kabla ya saa kumi na nusu, uje jikoni mwenyewe, usinitumie ujumbe, usimtume Yusta. Sitaki maelezo wala watu elfu arobaini. Utarekodi, au hutarekodi.

Na mimi nitakuuliza lile neno lako la zamani, Kifipa? Usinijibu kabla hujaweza kuliitikia.

Mama yako